Mundhir Amepumzika

Karama, Dubai
4 Mei 2024

Shangazi yangu Sikujua,

Assalaam alaikum, na shikamoo mara mbili: moja ya leo na moja ya Idi, ambayo nilikaa nayo bila kuiandika. Natumaini barua hii itakukuta goti limepoa na yule paka wako ameacha kuiba samaki wa watu. Mimi mwili wangu mzima. Joto limeshaanza, ukitoka nje mchana viatu vinanata kwenye lami. Kazini bado niko palepale kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, napiga pasi mashuka na kukunja taulo. Dorcus, yule mlinzi Mganda ninayelala naye chumba kimoja, anakusalimia. Kila ikija barua yako hutaka nimsomee, ingawa nusu yake haelewi. Anasema anapenda tu kusikia unavyonigombeza.

Najua simu kwako ni kelele tupu, kwa hiyo barua naipitisha kwa Talal, mtoto wa Bi Ghania wa Deira, anayepeleka spea za magari Tanga. Ukijibu mpe yeye. Akikawia usimlaumu, huondoka mzigo ukijaa.

Sasa kuna jambo, Shangazi. Mundhir amepumzika. Dubai ilikuwa imemchosha sana, wewe mwenyewe ulimwona alivyokonda tulipokuja mwaka juzi. Mungu amemjalia mahali pazuri, pa kijani, penye maji na utulivu, hakuna joto wala kelele. Nimeyapokea. Nakuomba usimwambie Nana wala jirani mwingine yeyote anipigie simu, sitaweza kusema. Nikipata nguvu nitakuandikia zaidi.

Mwanao,
Fauziya

*

Pangani
29 Mei 2024

Mwanangu Fauziya,

Waalaikumu salaam. Marahaba, zote mbili. Goti leo sitaki hata kulitaja.

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Barua yako nimeipata Jumatano iliyopita baada ya alasiri. Niliisoma nimesimama, nilipofika katikati nikakaa juu ya ndoo. Nikamuuliza Talal, amekufa kwa nini? Akasema yeye hajui lolote, kaleta bahasha tu. Nikaona huyu kijana ana adabu, hataki kutangaza msiba wa watu.

Ijumaa tumemsalia sala ya ghaibu. Jumapili tumemsomea hitima hapa nyumbani. Watu walikuja, Fauziya! Walijaa mpaka wengine wakakaa nje juu ya mikeka ya kuazima. Nana alipika pilau, mimi nikapika wali wa kuongezea, na safari hii haukuungua. Nikasema mbele ya watu wote kwamba mimi Sikujua nimemsamehe Mundhir ile siku ya harusi yenu, alipousukuma wali wangu pembeni akasema ameshiba. Miaka sita nimekaa na hilo moyoni. Halafu nikalia. Wala sikudhani kama ningemlilia.

Sasa nisikilize vizuri. Una eda ya miezi minne na siku kumi. Usitie wanja, usitie hina, usijipake manukato, nguo iwe nyeupe au isiyo na urembo. Kazini nenda, maana huna wa kukulisha, ila ukitoka urudi moja kwa moja, usipite madukani. Nimehesabu tangu tarehe ya barua yako, inakwisha mwanzoni mwa Septemba. Kama alikufa kabla, niambie nipunguze.

Lakini mbona hukuniambia alizikwa wapi? Hukusema nani alimwosha, wala kama aliugua au ilikuwa ghafla. Nimekulea tangu una miaka minne na ukificha kitu mwandiko wako unakuwa mdogo. Barua yote umeandika kwa herufi za chungu, kama sisimizi wametambaa karatasini.

Chumba cha nyuma nimekipaka chokaa. Eda ikiisha utakuja? Sikulazimishi. Nimekipaka tu.

Shangazi yako,
Sikujua

*

Karama
7 Julai 2024
(Hii haikutumwa. Ilikaa chini ya godoro.)

Shangazi,

Mundhir hajafa. Yuko kijiji kinaitwa Podmur, nchi ya Montenegro, kwenye Bahari ya Adriatiki, anawapangia watalii vitanda vya ufukweni. Aliondoka siku chache kabla ya Ramadhani, akaniambia ni kazi ya msimu, miezi sita tu. Idi pili akaniandikia ujumbe wa simu. Ujumbe wenyewe ni huu, naukumbuka hata nikiwa usingizini: Fauziya, nimechoka. Nataka kupumzika. Usinitafute. Kisha akabadilisha namba.

Nilitafuta neno la kukuambia nikakosa, nikachukua lake. Nikaandika amepumzika. Yale maneno ya kijani na maji niliyatoa kwenye picha za hoteli yake, nilizozitazama kila siku mpaka macho yakauma.

Niliposoma barua yako nilicheka, Wallahi. Dorcus akaja mbio. Nilipomweleza akashika kichwa: "Banange! Mmemzika mtu mzima?" Tukacheka sote wawili tumeshikana. Kisha nikafika pale kwenye chokaa, nikaikunja barua, na yeye akanisogezea mto.

Nashindwa kukusahihisha. Mwanamke akifiwa, watu huja wakakaa naye. Mimi nimeachwa kwa ujumbe wa maneno machache, na hakuna aliyekuja, kwa sababu hakuna niliyemwambia. Kumbe wewe huko umenijazia nyumba watu. Nimeisoma ile habari ya mikeka ya kuazima sijui mara ngapi.

Unakumbuka alikuwa akigawa taulo kwenye bwawa la hoteli, na mimi nikizifua huku chini? Kila siku taulo moja alikuwa akiipiga fundo kwenye pembe. Ilikuwa salamu yangu. Zinashuka taulo mia mbili na hamsini, nami naitafuta moja. Siku hizi bado natazama pembe.

Nikikuambia ukweli utakuwa umeaibika mbele ya mji mzima, na aliyekuaibisha ni mimi. Sina mtu mwingine, Shangazi. Nikikukosa wewe nimekwisha.

*

Karama
12 Julai 2024

Shangazi yangu mpendwa,

Assalaam alaikum. Shikamoo. Natumaini wote hamjambo, na Nana mpe asante yangu kwa pilau.

Nashukuru kwa hitima. Sina namna ya kushukuru zaidi ya hapo. Hakuugua. Alikuwa amekwenda kufanya kazi ya hoteli kwenye kijiji cha pwani huko Ulaya, kinaitwa Podmur, na amebaki hukohuko. Mimi sikuwepo, kwa hiyo mambo ya kuosha siwezi kukueleza.

Eda nimekaa. Manukato nimempa Dorcus, sasa kituo chake chote cha ulinzi kinanukia udi. Navaa dera jeupe, na kazini msimamizi amenisifu kwa usafi. Jioni nakaa juu ya kitanda changu, nimevuta pazia. Nilidhani nitachoka. Sijachoka. Ni kama nimepewa mahali pa kukaa.

Joto ni kali mno, barua nitaifanya fupi.

Fauziya

*

Pangani
18 Agosti 2024

Fauziya,

Waalaikumu salaam, marahaba. Mimi sijambo, paka kazaa kwenye sanduku la vyombo vya harusi yangu, sasa nakunywa chai kwa kikombe cha plastiki. Mvua haijanyesha. Nana anakupa pole tena.

Barua yako fupi na mwandiko bado wa chungu.

Nitakuambia jambo ambalo sijapata kukuambia, usinijibu. Mume wangu alizama njia ya Pemba mwaka uliozaliwa wewe. Hawakumpata. Watu walisoma hitima kama hii tuliyosoma, nikakaa eda, nikaimaliza, wakaniambia sasa shukuru. Miaka thelathini na minne hii, mlango ukigongwa alasiri, kabla sijasema hodi ya nani, moyo unasema huyo. Alasiri ndio wakati wake wa kurudi. Ndio maana sipendi mgeni wa alasiri na watu husema nina kiburi.

Basi wewe usikae hivyo. Eda ikiisha, omba ruhusa kazini uende huko Podmur ukaone kwa macho yako alipo. Soma Yasini, kaa kidogo, urudi. Ukishaona utalala.

Chumba kipo.

Sikujua

*

Podmur
26 Septemba 2024

Shangazi yangu,

Assalaam alaikum. Shikamoo. Nimekuja kama ulivyoniamuru. Nilijiunga na kundi la watalii kutoka Dubai, wakala akashughulikia karatasi zote, siku tano kwenda na kurudi. Wenzangu wanapiga picha. Mimi nimekaa dirishani nakuandikia, na safari hii naandika herufi kubwa, tazama.

Kijiji ni kizuri, sitasema uongo. Nyumba za mawe zimepanda mlima moja juu ya nyingine, madirisha ya mbao ya kijani, ngazi badala ya njia, na ndimu kubwa kubwa zinaning'inia juu ya kuta za watu bila kuchumwa. Msimu unakwisha. Miavuli ya ufukweni imefungwa, duka la aiskrimu limepigwa mbao, na ukipita mchana unasikia redio ya mtu ndani. Nimepanga chumba kwa mama mmoja mzee anaitwa Barbara. Hatuelewani neno. Jana kaniletea jamu ya tini, akakaa kunitazama mpaka nikamaliza, kisha akanipapasa mgongo. Sijui kaona nini usoni mwangu.

Kitu kimoja kimenishinda. Maji ya huku hayapwi. Siku ya kwanza nilikaa kwenye jiwe nikingoja yapwe, nitembee mchangani kama kwetu, niokote chaza. Nikangoja mpaka alasiri. Bahari imesimama tu kama maji ya beseni. Nikamuuliza kiongozi wetu akanicheka, akasema bahari hii ndivyo ilivyo, hupanda na kushuka shubiri moja. Nilijiona mpweke pale, Shangazi, kuliko siku yoyote Dubai. Hata bahari haikwenda mahali ikarudi.

Sasa nasema. Mundhir hajafa. Hakufa hata siku moja. Aliniacha, akaniambia anataka kupumzika, nami nikakuandikia neno lake kama alivyolisema. Wewe ukalielewa kama mtu yeyote angelielewa, na mimi nikakuacha hivyo. Nimekudanganya eda nzima, miezi minne na siku kumi kwa hesabu yako mwenyewe.

Nimemwona jana asubuhi. Alikuwa ameinama anakunja vitanda, amevaa kofia ya hoteli. Alisikia hatua zangu akasema bila kuinua uso, "Good morning, madam. Towel?" Akaninyooshea taulo. Nikaipokea. Nikatazama pembe zote nne. Ndipo akaniangalia.

Amenenepa, Shangazi. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote.

Akasema, "Sikukuambia unifuate."

Nikamwambia, "Sijakufuata. Nimekuja kuzuru kaburi."

Tukakaa kwenye kitanda kimoja cha watalii, kila mtu upande wake, nikamhadithia yote: barua, sala ya ghaibu, hitima. Alicheka mpaka akavua kofia. Kisha akaacha ghafla, akauliza, "Nani alikuja?"

Nikamtajia Nana na pilau yake, nikamwambia watu walijaa mpaka nje. Akataka kujua kama kweli walijaa. Akauliza, "Na shangazi yako?" Nikamwambia, amekusamehe ule wali, amekulilia. Akainamisha kichwa, akajifuta macho kwa kofia. Kisha akasema, "Ule wali ulikuwa umeungua, Fauziya. Niliona haya kusema."

Nilimuuliza kama kuna mwanamke. Hakuna. Nimeamini. Analala chumba cha wafanyakazi na Mfilipino mmoja, akitoka kazini anakaa anatazama hayo maji yasiyokwenda popote. Anasema huku hakuna anayemuuliza kitu, na hicho ndicho alichokuwa akikitaka. Ningependa mwanamke awepo. Ningekuwa na mtu wa kumchukia. Sasa nimchukie nani, bahari?

Hatukugombana. Nilimwomba jambo moja tu, asiniache nikining'inia. Akanipa talaka moja, akaitamka kwa adabu, kisha akaiandika kwenye karatasi yenye nembo ya hoteli. Ninayo hapa. Kwa hiyo Shangazi, eda imeanza upya jana, ya kweli. Ile ya kwanza nilimkalia mtu aliyekuwa akinenepa.

Najua nimekutia aibu. Umeazima mikeka, umesimama mbele za watu. Na zaidi ya hayo, umenihadithia habari ya mume wako wakati mimi nakuficha kwamba wangu yuko hai. Hilo ndilo linalonikaba. Wewe ungetoa chochote mlango ugongwe awe yeye, na mimi wangu nilimwacha azikwe.

Kasirika, una haki. Nigombeze kurasa kumi, Dorcus atafurahi. Lakini usininyamazie. Chumba usipokitaja tena nitaelewa, sitauliza.

Mwanao, kama bado,
Fauziya

*

Pangani
10 Novemba 2024

Fauziya,

Salamu zako zimefika. Marahaba.

Barua ya Podmur imenifikia siku ishirini na mbili zilizopita. Talal kapita hapa mara mbili akiuliza kama kuna jibu, mara zote mbili nimemwambia hakuna. Nilikuwa nakunyamazia makusudi, nione nitaweza siku ngapi. Wiki ya kwanza niliiweza vizuri. Wiki ya pili nilikuwa na hasira na paka. Juzi nimejikuta nimemimina vikombe viwili vya chai, kimoja cha nani sijui, basi nikatafuta kalamu.

Umenikosea sana. Hilo nimelisema, na limekwisha.

Mundhir nilimsamehe akiwa maiti. Akiwa hai sijamsamehe, msamaha nimeurudisha. Na wali haukuungua. Ulishika kidogo chini.

Hitima haikupotea. Nimemwelekezea baba yako, ambaye yeye alikuwa amekufa kweli na mwaka huu nilikuwa sijamsomea. Watu sitawaambia kitu. Nana nimemwambia, kwa sababu ndiye aliyepika pilau, na alicheka mpaka akajilaza mkekani, kisha akaanza kukulilia upya kwa sababu nyingine. Huyo hasemi. Wengine watakuona umekuja, watakupa pole, nawe utasema ahsante. Pole unastahili, waache wakosee jina la msiba.

Habari ya mume wangu usiibebe. Sikukuambia ili uone haya. Nilikuambia kwa sababu katika miaka yote hii hakuna mtu mwingine aliyenipa nafasi ya kuisema. Ile siku nilipomaliza kuiandika, mlango uligongwa alasiri. Alikuwa muuza mkaa. Nikafungua bila kushtuka.

Kumbe huko maji hayapwi? Nimelifikiria sana hilo. Mimi nisingeweza kukaa siku mbili. Huku jana yamekupwa mpaka nyuma ya mwamba, watoto walikuwa wakiokota chaza, na jioni yakarudi kama kawaida yake.

Chumba cha nyuma nimekipaka chokaa tena, ile ya mwanzo ilishaanza kubambuka kwa kungoja. Godoro ni jipya. Mtoto mmoja wa paka nimekuwekea. Eda yako hii ya pili, kama sikukosea, itakwisha kabla ya mwaka mpya. Omba ruhusa huko kwenye taulo zao, uje, hata kama ni mwezi mmoja.

Njoo upumzike, Fauziya. Na mimi nikisema upumzike nasema ulale mchana, mlango wazi, nikikusikia unakoroma. Usije ukanielewa vibaya na wewe.

Shangazi yako,
Sikujua